Mstari Alioongeza Gerbrich

Katika kampuni yetu ya Trije Amers, yaani Ndoo Tatu, hapa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, watu wawili walifikia kutosalimiana kwa sababu ya jambo ambalo wake zao hawajalielewa mpaka leo. Wawili hao ni Hessel Nauta na Sjoerd Algra. Ndio walioianzisha kampuni wakiwa vijana, ndani ya kibanda cha baiskeli nyuma ya nyumba ya kina Hessel, na programu waliyoiandika humo ndiyo iliyokuwa ikiyaambia malori ya maziwa ya nusu ya Friesland yaende shamba gani, yafike saa ngapi, na tangi likijaa maziwa yapelekwe kiwanda kipi. Walisimamiana harusi. Kila mmoja akawa baba wa ubatizo wa mtoto wa mwenzake. Halafu programu ikazeeka.

Programu ikizeeka haikohoi wala haichechemei. Huwa tu kila ukigusa hapa panavunjika kule, na anayejua kwa nini ameshastaafu. Ilibidi ijengwe upya, na hapo ndipo lilipozuka swali la usanifu: mfumo mpya uwe na umbo gani? Sjoerd alitaka uvunjwe kuwa vijiprogramu vingi, kila kimoja na kazi yake na ghala lake la taarifa, ili kimoja kikifa vingine viendelee. Hessel alitaka ubaki kitu kimoja kizima, ambacho mtu anaweza kukishika chote kichwani mwake.

"Ng'ombe hakamuliwi vipande vipande," Hessel alisema.

"Sawa, na siku huyo ng'ombe wako akifa tunywe nini?" Sjoerd akamjibu.

Maneno hayo yalisemwa mbele ya mashine ya kahawa, na siku ile tulicheka. Miezi ikapita, kicheko kikakauka. Mmoja akija kuchukua kahawa, mwenzake anageuza njia. Mimi kazi yangu ilikuwa kujaribu programu kabla hazijatolewa, meza yangu ipo katikati ya meza zao, na nikajikuta nimekuwa tarishi. "Mwambie huyo bwana faili lake limekwama." "Huyo bwana naye mwambie, si langu." Watu wazima, wenye mvi.

Mkurugenzi wetu, Marleen van Oosten, hakuwa Mfrisia. Wawekezaji walimleta kutoka The Hague, mwanamke wa hatua za haraka na tabasamu la mtu anayewahi treni. Alisema ugomvi wa namna ile ni wa kizamani, siku hizi mambo huamuliwa kwa hesabu. Akamwita Gerbrich.

Gerbrich Postma ndiye ninayetaka kumsimulia. Alikuwa msanifu wetu wa mifumo, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye mabega ya binti aliyelelewa kubeba ndoo, maana kwao, kijijini Wommels, walikuwa wafugaji tangu babu wa babu. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu, alikuwa akisema hakuna aliyepata alama za kutosha, na hukuweza kujua kama anatania. Koti la baridi lilimchukua msimu mzima kulichagua. Alipolinunua baridi imekwisha, akalivaa mwaka uliofuata.

Miaka michache nyuma alikuwa amerudi chuo kikuu, akisoma siku za mapumziko, na huko akajenga kitu alichokiita modeli ya uamuzi. Nitakieleza kama alivyonieleza mimi garini, maana wote wawili tulikaa Bolsward na asubuhi alikuwa akinipitia. Unaanza kwa kusema unahitaji nini. Mfumo uwe wa kasi, usizime ovyo, uwe rahisi kurekebisha, watu ulio nao waweze kuujenga, na kadhalika. Kila hitaji unalipa uzito, kulingana na linavyokuuma. Kisha kila aina ya usanifu inapewa alama kwa kila hitaji, na alama hizo si za kubuni. Gerbrich alizunguka Groningen, Zwolle na Enschede akiwahoji watu waliokwisha kujenga mifumo ya kila namna, hasa wale iliyowashinda. Unazidisha, unajumlisha, na aina iliyopata nyingi ndiyo unayoshauriwa.

Mwalimu wake alimwonya. "Bibi Postma, watu hawachagui mfumo kwa akili. Wanachagua ule waliousikia kwenye kongamano la mwisho."

Gerbrich alimjibu kwamba hufanya hivyo kwa kuwa hakuna aliyewapa njia nyingine. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Basi Marleen akaitisha vikao, na vita vikahama kutoka kwenye mashine ya kahawa vikaingia ukumbini, ambako vilipewa viti, projekta na mtu wa kuandika kumbukumbu. Zamani waligombea umbo la mfumo. Sasa waligombea uzito.

"Uwezo wa kukua upewe tisa," Sjoerd alisema.

"Kukua kwenda wapi?" Hessel akauliza, akizungumza na dirisha. "Mashamba yanapungua kila mwaka. Tutamkulia nani, kondoo?"

"Muulizeni huyo bwana kama amewahi kusikia habari za Ujerumani. Kule nako kuna ng'ombe."

"Mwambieni huyo bwana, ng'ombe wa Ujerumani wana programu yao."

"Sita," Gerbrich alisema, akaandika sita kwenye jedwali.

"Kwa nini sita?" wakauliza wote wawili kwa pamoja.

"Kwa sababu kwa tisa ananuna mmoja na kwa tatu ananuna mwingine. Kwa sita mmenuna sawasawa."

Waliendelea hivyo vuli nzima. Kuna kikao kizima kilichokwisha wakijadili kama "rahisi kurekebisha" ni rahisi kwa nani. Hata hivyo nilimwona Gerbrich anavyofurahi. Alikuwa akiingia ukumbini na chupa yake ya chai kama mtu anayekwenda pikiniki. Kwake yeye, watu wawili wasiosalimiana walioketi chumba kimoja wakibishania namba walikuwa tayari wamepiga hatua.

Jibu likatoka kabla ya Krismasi. Modeli ilishauri mfumo uwe mmoja, lakini ndani ukatwe kwa kuta imara. Gerbrich alitueleza kwa mfano wa nyumba zetu za shambani: watu mbele, majani makavu katikati, ng'ombe nyuma, paa moja juu ya wote, na bado humkuti ng'ombe jikoni. Hessel alitoka, akarudi na keki ya machungwa yenye sukari ya rangi ya waridi juu, ile ambayo kwetu huliwa mtu akizaliwa au akishinda. Aliikata vipande, akamwachia Sjoerd cha pembeni kisicho na malai. Sjoerd hakukigusa. Alisema modeli ni safi, ila uzito umepotoka.

Jioni hiyohiyo Marleen alimkuta Gerbrich kwenye korido akivaa kofia yake.

"Gerbrich, mama, modeli yako ni nzuri kweli. Nimejivunia. Nisaidie kitu kidogo tu, itoe jibu zuri."

"Jibu zuri ni lipi?"

"Lile nililokwisha kusema."

Ikajulikana kwamba tangu mwanzo wa vuli, kabla ya kikao cha kwanza, Marleen alikwisha waambia wawekezaji kuwa kampuni inahamia kwenye vijiprogramu vidogovidogo. Waliposikia walipiga makofi. Gazeti la biashara likaandika. Yeye mwenyewe aliisikia habari ya vijiprogramu kwenye kongamano moja mjini Rotterdam, wakati wa chakula cha mchana.

"Kwa nini basi ulinipa kazi hii?" Gerbrich alimuuliza.

"Nilidhani hesabu itakubaliana nami," Marleen alisema, na nadhani alisema kweli. "Zicheze tu hizo namba kidogo. Si uzito wenyewe tunaupanga sisi?"

Gerbrich alizicheza. Hilo sitalificha, kwa kuwa mwenyewe halifichi. Aliupandisha uwezo wa kukua mpaka tisa, kisha kumi, na modeli ikabaki palepale. Alipunguza hiki, akaongeza kile. Kuna mahali jibu liligeuka, lakini kwa bei ya kutangaza kwamba kampuni ya maziwa haijali sana maziwa kuharibika. Garini nilimwambia, "Mpe tu anachotaka, mwenzangu, wewe si mwenye kampuni." Akanijibu kwamba modeli ikidanganya mara moja inakuwa mtu kama watu wengine.

Majira hayohayo alikuwa na modeli ya pili, ya nyumbani. Baba yao, Heit kama wanavyomwita baba huku, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba la Wommels likabaki mikononi mwa mdogo wake Gerbrich, Durk. Mama yao, Mem, aliishi sehemu ya mbele ya nyumba hiyohiyo. Durk alikuwa na mgongo mbovu na watoto waliokwenda zao mijini, mmoja daktari wa meno, mmoja mwalimu. Kulikuwa na njia tatu: kuendelea na ng'ombe wote, kubaki na wachache na kutengeneza jibini, au kumuuzia jirani yao Bouma kundi zima na malisho.

Gerbrich alijitolea kuwasaidia. Kwa miaka mingi alikuwa akifika kwao Krismasi na siku za kuzaliwa tu, anakunywa kahawa, anakula biskuti yake moja, anaondoka. Sasa akawa anakwenda kila Jumamosi na kompyuta yake. Wanakaa jikoni, Mem anaweka mkate wa sukari na jibini la karafuu mezani, na maswali yanaanza.

"Mem, kukaa humu ndani ya nyumba tunakupa uzito gani? Moja mpaka kumi."

"Kumi."

"Na ng'ombe kubakia?"

"Kumi."

"Mgongo wa Durk?"

"Huo si kumi na mbili?"

"Mwisho kumi, Mem."

"Basi kumi. Na Bouma asituchukie, andika kumi."

"Mem, ukivipa vyote kumi, modeli haiwezi kuchagua."

"Na mimi nichague nini kati ya watoto wangu?" Mem akasema, akamkatia kipande kingine cha mkate.

Durk alikuwa akijibu kwa utaratibu zaidi. Hutafuna, hufikiri, hutaja namba. Mkewe, Froukje, aliongeza vigezo ambavyo Gerbrich hakuvifikiria: harufu ya nguo, mtu wa kuzungumza naye mchana, likizo ya kwenda Norwe ambayo ng'ombe hawakuwahi kuiruhusu. Waliingia hata kwenye habari za Heit, angesema nini, na kama maneno ya marehemu yanapewa uzito au yanapewa heshima tu. Jumamosi moja walibishana juu ya hilo mpaka kahawa ikapoa, halafu Mem akasimulia jinsi Heit alivyomnunua fahali kipofu wa jicho moja kwa kumwonea huruma, na wote wakacheka mpaka Durk akashika mgongo. Gerbrich aliniambia alikuwa hajawahi kusikia habari za fahali huyo.

Jumamosi iliyofuata yale mazungumzo ya kwenye korido, akawapelekea jibu. Ng'ombe wachache na jibini. Lilishinda kwa mbali. Alikuwa amechora picha zenye rangi, na akawaeleza kila namba ilikotoka. Mem akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Froukje akaangalia nje. Durk akageuza kikombe chake kwenye kisahani.

"Dada," akasema, "nilishamuuzia Bouma."

"Lini?"

"Novemba. Tulipeana mkono zizini. Ng'ombe wataondoka Mei."

Gerbrich alihesabu moyoni. Novemba walikuwa hawajamaliza hata vigezo.

"Mem anajua?"

"Mimi ndiye niliyemwambia auze," Mem akasema. "Mgongo ule utamuua."

"Sasa mlikuwa mnaniacha nihesabu nini wakati wote huu?"

Nje ng'ombe walikuwa wakigonga vyuma vya zizi kama kawaida yao saa za malisho. Mwisho Mem akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kitu kilicho wazi, "Ulikuwa unakuja, mwanangu."

Gerbrich hakugombana. Aliinuka akaosha vikombe vyote, hata vilivyokuwa safi, akavipanga kabatini kwa nguvu kiasi kwamba kimoja kilivunjika mkono. Durk alijitia kumsaidia kufuta, Gerbrich akamnyang'anya kitambaa. Alikasirika, akaona aibu, na ndani ya hayo yote, alinieleza, palikuwa na kitu kinachofanana na furaha ambacho hakujua akiweke safu gani. Kilichomkaa zaidi njiani ni hiki: modeli haikukosea. Kwa walichoiambia, ilijibu sawasawa. Kile ambacho hawakuiambia ndicho kilichokuwa kimeamua.

Jumatatu garini alinisimulia yote hayo, toka Bolsward mpaka tunaingia mjini. Tulipoegesha alikaa kidogo bila kufungua mlango. "Hawa wetu wa ofisini nao," akasema, "wamempa Bouma mkono zamani." Kisha akashuka, akaingia ofisini kwa mwendo wa mtu aliyekwisha nunua koti.

Kikao kilikuwa saa nne. Marleen alikuwepo, Hessel dirishani kwake, Sjoerd upande wa pili, nami na wengine wachache. Gerbrich aliwasha projekta. Jedwali lilikuwa lilelile, namba zote alizokuwa amezichezea amezirudisha mahali pake, ukuaji sita. Ila chini kabisa palikuwa na mstari mpya, kigezo cha kumi na tatu. Kilisomeka hivi: *Yale ambayo mkurugenzi amekwisha waahidi wawekezaji.* Uzito, arobaini. Na kwenye safu ya jibu, vijiprogramu vilikuwa vimepanda vikakaa juu.



"Arobaini?" Marleen akauliza. "Si tulisema mwisho kumi?"

"Nilijaribu kumi. Nikajaribu thelathini. Hazikutosha," Gerbrich alisema. "Sasa hesabu imekamilika. Jibu ni vijiprogramu, na kila mtu anaona kwa nini."

Nilimtazama Marleen. Nilitegemea ataona haya, au atawaka, au atasema kikao kimefungwa. Alisoma mstari ule mara mbili, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayejitazama kwenye picha aliyopigwa bila kujua.

"Uache hapohapo," akasema. "Ni kweli, bwana. Hakuna kingine kwenye hilo jedwali kinachoninyima usingizi kama hicho."

"Basi na mimi niwekewe wangu," Hessel akasema dirishani. "*Hessel atanuna.* Uzito tatu."

"Mpe mbili," Sjoerd akasema. "Ananuna bure hata bila mfumo."

Lilikuwa neno la kwanza la utani alilomrushia Hessel kwa muda mrefu, ingawa nalo alimwambia Gerbrich.

Ripoti ilibidi iende kwa ushirika wa wafugaji, ambao ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa. Marleen angeweza kuufuta mstari kabla ya kuipeleka. Hakuufuta, alisema akifuta atalazimika kueleza zile arobaini kwenye jumla zimetoka wapi. Mwenyekiti wa ushirika, Tsjerk Sikma, mzee wa ng'ombe weusi na weupe wapatao mia, alivaa miwani, akaruka kurasa zote za mwanzo, akausoma mstari wa kumi na tatu kwa sauti mbele ya bodi yake.

"Hii," akasema, "ndiyo ripoti ya kwanza ya kompyuta niliyoielewa. Pigeni muhuri."

Ukaanza umaarufu. Mtu wa bodi ile alikuwa na shemeji katika kampuni ya bima, shemeji akaiomba modeli, kutoka bima ikaenda kwenye halmashauri mojawapo, na kabla mwaka haujaisha Gerbrich aliitwa Utrecht kuzungumza mbele ya ukumbi uliojaa wasanifu. Watu wakauita mstari wa Gerbrich. Alisimama pale, akaeleza mahojiano yake ya Groningen na Zwolle na Enschede, jinsi alama zinavyopatikana, jinsi ya kupima kama uzito umetoka kwenye hitaji au kwenye ubishi. Walisikiliza kwa adabu. Maswali yalipofika, yote yalikuwa juu ya ule mstari.

Bwana mmoja nadhifu, mwenye viatu vya ngozi ya kahawia, alimfuata baadaye kumshukuru. "Umetuokolea muda mwingi, mama. Sisi sasa tunaujaza huo kwanza."

"Na vile vigezo kumi na viwili vingine?"

"Vile tumeviondoa. Havibadilishi jibu."

Gerbrich alinisimulia hilo huku akitazama barabara. Alitumia miaka kujenga nyumba, na watu walimpenda kwa ajili ya tundu la ufunguo. Hata hivyo aliendelea kuitika walipomwita. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kati ya ukumbi mzima huwa wapo wawili watatu wanaobaki kuuliza habari za alama, na kwa ajili ya hao, hata keki ya bure ya kongamano inavumilika.

Mfumo wetu nao ukajengwa. Sjoerd aliuongoza, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Vijiprogramu vikazaliwa kimoja baada ya kingine: cha njia za malori, cha joto la tangi, cha foleni ya kiwandani. Vilikuwa vizuri, nilivijaribu mwenyewe. Kitu kimoja tu hakikuguswa. Daftari la mashamba, lenye kila shamba na kila lango na kila mbwa mkali, lilibaki ndani ya programu ya zamani ya Hessel, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulihamisha, na Hessel hakujitolea. Kwa hiyo kila kijiprogramu, kabla hakijafanya lolote, kilikwenda kwanza kumuuliza yule mzee, ile programu ya zamani.

Asubuhi moja ya Januari, mitaro imeganda na watoto wameshatoa viatu vya kutelezea barafuni, mzee akaacha kujibu. Vijiprogramu vyote vikasimama navyo. Simu zikaanza. Dereva mmoja, mtu wa Dokkum, nilimpokea mimi.

"Niko kwa Bouma Wommels. Skrini inaniambia nimeshachukua maziwa. Mimi naona tangi limejaa."

"Umeshachukua au hujachukua?"

"Kaka, nimesimama barafuni na mbwa ananitazama. Nadhani ningekumbuka."

Hessel na Sjoerd waliketi meza moja. Hapakuwa na tarishi, maana mimi nilikuwa na simu masikio yote mawili. Kwanza walisema neno mojamoja: "Hapo." "Wapi?" "Juu." "Si huko, mjinga wewe, juu zaidi." Mchana Sjoerd alikuwa akila mkate wa Hessel. Malori yaliondoka, na kuanzia wiki ile wakaanza kuujenga mfumo upya wote wawili, wakilikata daftari la mashamba kwa kuta, wakivirudisha vijiprogramu karibu nalo, viwili vikawa kimoja, kimoja kikaingia ndani. Ilipofika kiangazi, yeyote aliyeusoma ule mfumo angeona ni nini: kitu kimoja, paa moja, kuta imara ndani. Hessel aliona. Alimjia Gerbrich amejaa maneno mpaka kooni.

"Nyamaza," Gerbrich akamwambia. "Ukimwambia Sjoerd tu, atauvunja tena."

Hessel akanyamaza. Nadhani ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuifanyia kampuni.

Mwaka uliofuata tuliuzwa. Wanunuzi ni Wadenmaki, watu wa maziwa kama sisi, na walikuwa na mfumo wao. Uamuzi wa kuutupa wa kwetu na kuleta wa kwao ulifanywa kwao Aarhus, mezani, kati ya samaki na kahawa. Marleen alikwenda kampuni nyingine, akatuachia kadi nzuri. Kisha Gerbrich akapokea ombi kutoka kwa bosi mpya, Rasmus Kjeldgaard, kijana mpole mwenye ndevu nyekundu. Alikuwa ameusikia ule mstari. Aliomba modeli ifanyiwe kazi ili uamuzi uwe na maelezo.

Gerbrich aliyaandika maelezo hayo kwa mchana mmoja. Juu kabisa aliandika: *Mwenye kampuni ana mfumo wake.* Rasmus alicheka, akaitia sahihi, halafu akamuuliza, kwa dhati kabisa, kama bila mstari huo modeli ingesema nini.

"Sijaiendesha," Gerbrich alimwambia.

Alikuwa ameiendesha. Aliniambia tukiwa kwenye foleni ya gari daraja likiwa limeinuliwa kupisha mashua. Alikuwa ameujaza mfumo wa Kidenmaki kwa haki, kama alivyofanya kwa wa kwetu, akizihoji timu zao kwa simu, hasa watu wao walionuna. Akafuta mstari wa kwanza, akajumlisha.

"Wetu ulishinda?" nikamuuliza.

"Wao," akasema. "Kwa mbali. Mfumo wao ni bora kuliko wetu karibu kila safu."

"Sasa kwa nini hukumwambia Rasmus? Angefurahi."

"Angewaambia Hessel na Sjoerd."

Hao wawili wakati ule walikuwa wakiwatukana Wadenmaki mbele ya mashine ya kahawa kutwa nzima, bega kwa bega, mmoja akianza sentensi na mwenzake akiimaliza, wakikubaliana kwa kila kitu. Daraja likashuka. Gari la nyuma likatupigia honi, na Gerbrich, ambaye si mtu wa kuharakishwa, akatia gia polepole.